Kasi na Ufahamu: Uhakiki wa Zana za Kupima Teknolojia ya Elimu katika Mazingira ya Bariadi

Watafiti wa teknolojia ya elimu nchini Tanzania hujadili sana programu ipi itumike, lakini hujadili kidogo zana itakayopima matokeo yake. Zana ya kupima usomaji ni matini ya Kiswahili, hivyo inastahili kuhakikiwa kiisimu kama matini nyingine. Makala haya yanadai kwamba Bariadi, ambako watoto wengi hujifunza Kisukuma kabla ya Kiswahili, kasi ya kusoma pekee haithibitishi kuwa kishikwambi kimemfundisha mtoto kusoma.

Mfano mmoja mkubwa nchini ni shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyika mkoani Tanga. Watoto takribani 3,000 katika vijiji zaidi ya 170 walijifunza kwa vishikwambi, na Mei 2019 onebillion na Kitkit School ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Usomaji ulipimwa kwa EGRA, zana ambayo kwa kawaida humtaka mtoto asome kwa muda maalumu silabi, maneno bandia na kifungu kifupi, kisha ajibu maswali. Uteuzi huo una mantiki, kwani EGRA hunasa maendeleo madogo. Zana ya Uwezo, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, ilibuniwa kuchochea mjadala wa umma. Ngazi zake, kutoka silabi hadi hadithi, ni pana mno kwa utafiti wa miezi michache.

Hata hivyo, kinachofaa Tanga, jirani na pwani, hakihamishiki Simiyu bila marekebisho. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu: aliyezimudu silabi aweza kutamka kifungu kizima asielewe lolote. Kwa mtoto asiyejua Kiswahili, kila neno la Kiswahili ni neno bandia. Programu ikimzoeza silabi, na zana ikapima silabi zizo hizo, kinachopimwa ni mazoea ya zoezi.

Matatizo mengine yamo ndani ya matini yenyewe. “Mama” na “hatujawaona” huhesabiwa kila moja neno moja, ilhali la pili lina mofimu sita. Kisukuma hakina sauti inayoandikwa “dh”. Mtoto akisoma “dhahabu” kama “zahabu”, je, amekosea kusoma au ametamka kwa lafudhi yake? Vilevile, kifungu kuhusu ng’ombe na nyumba, ambayo Kisukuma huiita “numba”, kitainua alama za ufahamu. Kifungu kuhusu jahazi na bandari kitazishusha. Tofauti hiyo haikuletwa na kishikwambi.

Hatupendekezi EGRA iachwe. Tunapendekeza ufahamu wa kusikiliza Kiswahili upimwe kabla ya afua kuanza. Vifungu vya awali na vya mwisho vilingane kwa idadi ya mofimu. Kanuni ya kusahihisha matamshi iandikwe mapema. Na matini zijaribiwe kwanza kwa watoto wazungumzao Kisukuma.

Suala hili lina uzito wa kisera. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vimekwisha kugawiwa walimu, na tathmini za matumizi yake zitahitajika. Takwimu ikitangaza kuwa mtoto wa Bariadi anasoma, hakuna atakayempelekea msaada. Ataendelea kupanda madarasa akitamka vitabu asivyovielewa.