Herufi ya Harusi Kwenye Cheti

Hapa Mantapala watu wengi wanaijua kwa macho, hata kama hawajui jina lake. Ni ile herufi ya mikia inayopamba kadi za harusi. Inaitwa Edwardian Script. Aliichora Ed Benguiat wa New York mwaka 1994, mzee ambaye kabla ya kuchora herufi alikuwa mpiga ngoma wa jazz, na ukiitazama utasadiki: inapanda, inashuka, inapanda tena. Inaiga kalamu ya zamani ya chuma. Mkono ukishuka kwa nguvu, wino unakuwa mnene. Ukipanda, unabaki mstari mwembamba kama unywele.

Mimi naipenda. Sisi tuliosoma Kongo tulifundishwa kuunganisha herufi tungali wadogo, kwa hiyo kwetu huu ni mwandiko wa mtu aliyekaa darasani. Mama akipokea kadi ya namna hiyo, anajua ameheshimiwa.

Shida ni kwamba imetoka harusini ikaingia kwenye vyeti. Unamaliza mafunzo ya ushonaji au ya kompyuta, unapewa karatasi, jina lako limezingirwa mikia. Hapo ndipo nina neno na ninyi, ndugu wa mashirika. Herufi kubwa ya Edwardian Script ilichorwa isimame peke yake mwanzoni, halafu ndogo zifuate zikishikana mikono. Sisi Wakongo, kwa desturi ya Kifaransa, jina la ukoo tunaliandika lote kwa herufi kubwa: ILUNGA, KITENGE. Yaandike hivyo uone! Kila herufi inataka kiti cha bwana harusi, mikia inakatana, I na J ni kama mapacha.

Halafu kuna fotokopi. Nani anaacha cheti chenyewe ofisini? Unapeleka nakala, mara nyingine nakala ya nakala, na ile mistari ya unywele ndiyo inapotea kwanza. Herufi e inabaki c. Mwenye kitambulisho cha nchi yake atacheka tu. Kwetu jina linalinganishwa na lile la kwenye karatasi ya ukimbizi, herufi kwa herufi, na likitofautiana unaanza kuulizwa wewe ni nani hasa.

Mtumbwi wenye jina, pale ziwani Mweru, umeandikwa kwa brashi, herufi nene. Madaha yapo, ila mtu wa nchi kavu lazima asome.

Basi maneno "Cheti cha Ushonaji" yapewe mikia hata kumi, sina ugomvi. Jina la mtu liwe kwa herufi za kawaida, nyeusi, zilizosimama. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja. Na vile vyeti vilivyokwisha kutolewa vinaweza kuchapishwa upya. Mafaili si bado mnayo?