Chuma Kizito na Alumini Nyepesi

Kila chombo kina wakisifuo na wakikashifuo, na baisikeli haikusalimika. Huko Njiru, upande wa mashariki wa Nairobi, mtu aweza kusimama kando ya barabara ya Kangundo akaziona kambi mbili zikipitana. Ya kwanza ni ya Black Mamba, baisikeli nyeusi ya chuma yenye uzito wa kilo 20 hivi. Mwendeshaji wake huketi wima akakanyaga taratibu, kama mtu ajuaye kwamba safari ni ndefu. Ya pili ni ya vijana wa fremu za alumini, walioinama hata kidevu kikaukaribia usukani. Hawa huwaita wale wazee. Wale huwaita hawa watu wa mchezo. Mabishano yao yapendeza kusikilizwa, ila hoja zao nyingi ni dhaifu.

Kijana husema alumini ni nyepesi. Ni kweli: kipande cha alumini kina uzito wa karibu theluthi ya kipande cha chuma kilicho sawa nacho kwa ukubwa. Asilolisema ni kwamba ukakamavu wake nao ni theluthi, ndiyo sababu mabomba yake hufanywa manene. Tena chuma kisichopakiwa kupita kiasi huvumilia mitikisiko miaka na miaka. Alumini huchoka kidogo kidogo, hata siku moja ikapasuka. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa jua kali huichomea kando ya njia na kazi ikaendelea. Alumini yataka gesi maalumu na mkono uliofunzwa. Kwa mchuuzi wa maji apakiaye mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80, jambo hili si la kupenda au kutopenda. Ni chakula chake cha jioni.

Kuinama nako kuna sababu yake. Mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa huzidi mara nne. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah, hakuinama kwa madaha aliposhinda Tour de France mwaka 2013. Lakini kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, juu ya udongo mweusi unatao, hewa si adui. Adui ni tope. Ainamaye hapo, nathubutu kusema, aiga picha tu, na mgongo wake ndio ulipao.

Wapenzi wa chuma nao wana jambo wasilopenda kulitaja, nalo ni breki. Breki za fito za Black Mamba hubana rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa haishikiki vema. Mvua ya Aprili, mteremko, na mitungi minne nyuma: hapo mwendeshaji hodari hushuka akaikokota baisikeli yake kwa miguu, na kijana wa alumini akampita.