Alama za Njia

Konokono anaitwa Turbo. Yuko juu ya ubao wa visanduku wenye mistari 2024 inayolala na nguzo 2023 zinazosimama, na shida yake ni moja tu: atoke mstari wa juu kabisa afike mstari wa chini kabisa. Ndani ya ubao huo yamejificha mazimwi 2022. Kila mstari una zimwi moja, isipokuwa wa kwanza na wa mwisho, ambayo haina kitu. Na hakuna nguzo yenye mazimwi mawili. Turbo anatembea kisanduku kwa kisanduku, juu, chini, kushoto, kulia. Akikanyaga zimwi anarudishwa juu aanze upya, ila anakumbuka alipolikuta. Swali: ni majaribio mangapi yanayomtosha kufika chini kwa hakika, hata mazimwi yakipangwa na adui yake?

Hilo lilikuwa swali la tano katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati iliyofanyika Bath, Uingereza, Julai 2024. Vijana wa sekondari kutoka zaidi ya nchi 100 walikutana nalo siku ya pili ya mtihani. Ukilisoma mara ya kwanza, akili inakimbilia namba kubwa. Mazimwi ni elfu mbili na ushee, basi majaribio yatakuwa elfu mbili, au tuseme elfu moja kwa mjanja.

Jibu ni 3.

Namwomba msomaji asiruke aya zinazofuata, kwa sababu raha yote imo humo, na hakuna hesabu ya kutisha. Jaribio la kwanza, Turbo anashuka mstari wa pili na kuufagia wote mpaka akanyage zimwi lake. Tuseme amelikuta kwenye nguzo ya 700. Amerudishwa juu, lakini amejua jambo kubwa: nguzo ya 700 haina zimwi jingine, kwa hiyo kuanzia mstari wa tatu hadi chini ni barabara nyeupe. Kazi iliyobaki ni kuingia humo bila kupita mlangoni palipozibwa. Anazunguka: anashuka kwa nguzo ya 699 hadi mstari wa tatu, kisha anakata kuingia 700. Akifaulu, anateremka hadi mwisho. Akikuta zimwi pale kwenye kona ya 699, vema pia, maana mstari wa tatu una zimwi moja tu na sasa limeonekana. Jaribio la tatu anazungukia upande wa 701, na hapo hakuna wa kumzuia.

Mkorofi atauliza: na kama zimwi la mstari wa pili limekaa ukingoni, nguzo ya kwanza, ambako hakuna pande mbili za kuzungukia? Swali zuri, na ndilo lililokuwa mtego. Hapo Turbo anashuka kingazi-ngazi kuanzia nguzo ya pili, hatua kulia, hatua chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Asipokanyaga kitu, amefika. Akikanyaga zimwi katika mstari fulani, basi mstari huo umeshatoa zimwi lake. Mara ya tatu anafuata ngazi ile ile hadi karibu na pale, anashuka kwenye mstari huo kabla ya kulifikia zimwi, anageukia kushoto na kutembea hadi nguzo ya kwanza, ambayo tangu mwanzo tulijua imesafika, na anateremka.

Na kwa nini mawili hayatoshi? Kwa sababu adui anaweza kuweka zimwi kwenye kisanduku cha kwanza atakachokanyaga katika mstari wa pili, kisha jingine kwenye kisanduku cha kwanza atakachokanyaga katika mstari wa tatu. Majaribio mawili yamekwisha na konokono bado yuko juu.

Nimekaa sana kwenye swali hili kwa makusudi. Mtu akiandika “3” peke yake kwenye karatasi ya olimpiadi, hajafika popote. Kila swali lina alama 7, maswali ni sita kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku, na karibu alama zote ni zile ambazo walimu wetu huziita alama za njia. Unapaswa kumshawishi msahihishaji ambaye kazi yake ni kutokukubali. Usiposema neno juu ya zimwi la ukingoni, umepungukiwa, hata kama sehemu nyingine inang'aa.

Katika mtihani huo wa Bath, India ilishika nafasi ya nne duniani ikiwa na alama 167 kati ya 252, alama moja tu nyuma ya Korea Kusini. Vijana wanne walipata dhahabu, mmoja fedha, na wa sita akapewa tuzo ya heshima. Ni nafasi ya juu kuliko zote ilizopata tangu ianze kushiriki mwaka 1989.

Nikiwatajia watu takwimu hizo hapa Dodoma, jibu huwa tayari mdomoni: Wahindi ni wengi, bilioni na milioni mia nne, wakikosa sita wa kupeleka watakuwa na mkosi. Sawa. Lakini mwaka 2017 nao walikuwa wengi, na mwaka huo walimaliza wa 52, bila dhahabu wala fedha. Umati hauandiki ithibati. Kinachonivutia mimi ni kazi inayofanyika kati ya umati na wale sita, kazi ya polepole ambayo haina picha nzuri za gazetini.

Inaratibiwa na Kituo cha Homi Bhabha cha Elimu ya Sayansi, Mumbai, kilicho chini ya Taasisi ya Tata ya Utafiti wa Kimsingi. Mtoto anaanza na mtihani wa mchujo wa majibu mafupi, anapanda ule wa kanda, kisha mwezi Januari anaingia mtihani wa taifa ambao tayari una sura ya olimpiadi: maswali sita, ithibati kamili. Wachache wanaobaki huitwa kwenye kambi ya wiki kadhaa. Kambini ndiko nitakako kuwatazama. Wanaofundisha si maprofesa tu. Wengi ni vijana waliovaa medali miaka michache nyuma, sasa wako vyuoni, wamerudi kukaa benchi moja na wadogo zao. Wanasoma ithibati ya mwenzao mstari kwa mstari na kuuliza, hapa umejuaje? Kijana anayedhani amemaliza anarudishiwa karatasi. Anaandika tena. Pranjal Srivastava wa Bengaluru, Mhindi wa kwanza kupata dhahabu tatu za olimpiadi hii, 2019, 2021 na 2022, alikuwa ameshapata fedha mwaka 2018. Msururu wa namna hiyo hauji kwa kipaji kitupu. Unakuja kwa mtu aliyezoea kurudishiwa karatasi.

Halafu kuna ufundi mwingine usiosemwa. Mitihani ikiisha, kiongozi wa timu haendi kutalii. Anakaa mezani na wasahihishaji, karatasi za vijana wake mkononi, na kutetea kila alama: mstari huu wa mwandiko mbaya una maana hii, wazo lile limo hapa ingawa hakulitaja kwa jina. Lazima awe amemwelewa mtoto kuliko mtoto alivyojieleza. Ningelipa nauli kuona kikao kimoja cha namna hiyo.

Nisiipambe India kupita kiasi. Nchi hiyo hiyo ina mji wa Kota, Rajasthan, ambako maelfu kwa maelfu ya vijana hufungiwa kwenye vituo vya masomo ya ziada wakijiandaa na mtihani wa kuingia vyuo vya teknolojia vya IIT, vile ambavyo kimoja chake, IIT Madras, kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Huko Kota mwendo ndio mali: swali kwa dakika mbili tatu, weka alama, songa. Ni ujuzi, sikatai, lakini ni kinyume cha kukaa na konokono mmoja kwa saa nzima, na vijana wengi wenye uwezo huiacha olimpiadi kwa sababu IIT ndiyo yenye mkate. Tena timu ile ya Bath ilikuwa ya wavulana watupu.

Kwetu nyanda za kati, Kota hatuna, lakini tabia yake tunaijua. Tunaiita kupiga pasti pepa. Mtahiniwa anakariri sura ya maswali ya miaka kumi iliyopita akiomba yarudi yalivyo. Matokeo yanajulikana: kwa miaka mingi, katika mtihani wa kidato cha nne, waliofaulu hisabati walikuwa wakikaribia mmoja kwa kila watano. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kipo tangu 1966, kinaandaa mashindano ya wanafunzi na kuadhimisha Siku ya Pai kila 14 Machi. Dodoma tuna chuo kikuu chenye ndaki nzima ya sayansi asilia na hisabati, na tuna Msalato, shule ya wasichana wanaochaguliwa kwa ufaulu wao. Vipande vipo. Kinachokosekana ni ule mnyororo wa aliyetangulia kurudi kukaa na anayefuata, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila posho ya maana.

Baadhi ya walimu wanaujenga kimyakimya. Nilialikwa na mwalimu mmoja wa aina hiyo, mama anayefundisha sekondari ya kata pembezoni mwa mji, kwenye kipindi chake cha Jumamosi. Upepo wa Dodoma mnaujua. Madirisha yalifungwa na bado chaki na vumbi viligombania ubao. Aliandika swali la kwanza kabisa la olimpiadi ya kwanza kabisa, ile ya Romania, 1959: thibitisha kwamba sehemu yenye kiasi 21n + 4 na asili 14n + 3 haiwezi kurahisishwa, n ikiwa namba yoyote ya kuhesabia.

Walianza kwa kujaribu. n ikiwa 1, 25 kwa 17. Ikiwa 2, 46 kwa 31. Ikiwa 10, 214 kwa 143. Hakuna iliyorahisika. Mvulana mmoja akasema basi imethibitika. Mwalimu akamwuliza kama amezijaribu zote. Darasa likacheka, naye akakaa.

Kisha mwalimu akahamia Kiswahili. Hawa watoto walijifunza Kigawo Kikubwa cha Shirika shule ya msingi, KKS, kwa lugha waliyoota nayo; walipofika kidato cha kwanza kila kitu kikabadilishiwa jina kuwa la Kiingereza, na wengi wakadhani ni vitu vipya. Olimpiadi yenyewe haina ukali huo: mtahiniwa anaruhusiwa kuandika kwa lugha yake, na viongozi wa timu ndio wanaotafsiri maswali. Mwalimu aliuliza tu: KKS ya namba mbili mnaitafutaje mkikatazwa kuzichambua kwa namba tasa? Kimya kirefu. Hakukivunja. Nilitamani kukivunja mimi.

Msichana wa benchi la nyuma akasema, “Madam, tunatoa ndogo kwenye kubwa.”

“Njoo utoe.”

Akatoa 14n + 3 kwenye 21n + 4, ikabaki 7n + 1. Akatazama ubao kwa muda. Akaizidisha 7n + 1 mara mbili, akapata 14n + 2, akaitoa kwenye 14n + 3. Ikabaki 1. Kigawo chochote kinachogawa namba zile mbili za mwanzo kingegawa pia mabaki yote ya njiani, na mabaki ya mwisho ni moja, na moja haigawanyiki kwa kitu zaidi ya yenyewe. Hesabu ni mistari miwili. Maelezo aliyaandika mara tatu, kwa sababu mwalimu alikuwa akiuliza “kwa nini?” pembezoni mwa kila sentensi.

Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba mashindano haya hupima maswali ambayo mtu mwingine tayari anajua majibu yake. Erasto Mpemba hakushindana na yeyote alipoona, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, kwamba maziwa yake ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, akachekwa tena. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalijadili jambo hilo hadi leo. Hakuna medali inayopima kuuliza kwa namna hiyo. Lakini sioni kama ni njia mbili zinazopishana. Aliyezoea kuambiwa “umejuaje?” hatachelewa kuanza kuwauliza wengine.

Yule msichana hakurudi kukaa. Alifuta 4 kwenye kiasi akaweka 5, akatoa kama mwanzo, ikabaki tofauti ya moja: bado hairahisiki. Akafuta 5 akaweka 6. Safari hii mabaki yakawa 3, na uso ukabadilika. Mwalimu hakusema kitu. Msichana akaanza kujaribu: moja, 27 kwa 17, hapana; mbili, 48 kwa 31, hapana; tatu, 69 kwa 45. Akawageukia wenzake, chaki mkononi, akawauliza n ipi nyingine itakubali na kwa nini.