Sifa za Watunga Kanuni

Watu wakisifia bao husifia akili ya mchezaji. Mimi leo namsifia asiyetajwa: yule aliyeamua kwamba nyumba haivunjwi ovyo. Au tuseme walioamua, maana kanuni za bao la kiswahili hazina mtunzi mmoja. Zimetungwa mabarazani, na ukiikagua kila moja utaona ilizaliwa kwenye ubishi.

Tazama ubao wenyewe. Safu nne, mashimo 32, kete 64, aghalabu komwe. Kila mchezaji ana safu mbili. Anaanza na kete sita katika nyumba, lile shimo la mraba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Mpaka hapo mtoto ataelewa. Kisha inakuja namua: unatia kete moja kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na kama shimo la mwenzio linalolikabili nalo lina kete, unakula, huna hiari. Ulizokula unaanza kuzigawa kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu yako imekwisha. Ikiangukia nyumbani kwako na hakuna cha kula, unachagua: usimame, au usafiri, yaani uzigawe kete za nyumba? Hapo ndipo baraza zima la Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, linapokuwa na maoni, hata aliyekuja kunywa kahawa tu.

Ninayoipenda kuliko zote ni takasia. Tuko kwenye mtaji, kete za mkononi zimekwisha. Nimetakata, yaani nimecheza bila kula, na nimeacha shimo lako moja tu la mbele linalotishiwa. Wewe nawe huna cha kula. Ungependa kulihamisha, lakini kanuni inakukatalia: limetakasiwa, halichezwi. Isipokuwa kama ni nyumba iliyo hai, yaani haijavunjwa bado. Isipokuwa kama ndilo pekee lenye kete katika safu yako ya mbele. Isipokuwa kama ndilo pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja. Naamini nyuma ya kila "isipokuwa" yupo mtu aliyesimama siku moja akasema, "Sasa mimi nicheze nini?" na wenziwe wakakiri kwamba ana haki. Hiyo ndiyo kazi ya mtunga kanuni: kuusikia ubishi, kuupima, na kuuacha mchezo ukiwa bado unachezeka.

Kuziandika ni ufundi wa pili. Alexander de Voogt, Mholanzi, aliwatafiti mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 kitabu chake *Limits of the Mind* kikatoka Leiden. Kanuni ya mdomo inategemea mkono unaoonyesha na mzee anayesahihisha. Ya karatasi haina mzee. Watafiti wa Uholanzi walionyesha hata kwamba zipo hali za bao ambapo zamu moja haiishi, kete zinazunguka tu. Baraza huweza kuishi na pengo hilo miaka na miaka bila kushtuka. Mwandishi lazima aseme la kufanya.

Haya si ya bao peke yake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons kwa vijitabu vitatu, mchezo wa mezani ambamo kila mtu anajivika uhusika. Wengi walivisoma wakakwama, wakajijazia mapengo kila kundi kivyake. Wapo wanaoona hilo ni baraka. Mimi naona mwandishi aliyekwisha kuuchezesha mchezo wake husahau upesi mambo ambayo msomaji hajawahi kuyaona.

Dawa yake ni rahisi, ingawa inauma. Mpe karatasi zako kijana wa Makunduchi asiyekujua, acheze na mwenziwe, nawe ukae kimya. Usikohoe wala usinyooshe kidole. Pale watakapoinua macho kukutazama, sentensi yako ina tundu. Iandike upya, kisha tafuta vijana wengine, kwa sababu hao wa kwanza wameshajua.

Kama mmebuni mchezo wenu nyumbani, au bao mnalocheza Nungwi linatofautiana na la Kikwajuni, ziandikeni kanuni zake kwa Kiswahili wangali hai wanaozijua. Andikeni mnavyocheza ninyi, na zile "isipokuwa" msiziache.