Hadithi Yenye Mwisho

Katika barabara ya Mbau kwenda Kamango, mashariki mwa Kongo, habari hutangulia abiria. Mwenye pikipiki husimama, huuliza, humsubiri anayetoka upande wa pili. Jioni simu hupita mkono kwa mkono: waasi wameonekana wapi, nani hajarudi shambani. Tangu Julai 2013, Kamango iliposhambuliwa na maelfu ya watu wakavuka mpaka kukimbilia Bundibugyo, Uganda, masikio yetu hapa Watalinga hayajapata kutulia. Mwaka 2014 yakaanza mauaji ya Beni. Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, Beni na Butembo zikawa zinaamka na hesabu mpya ya waliokufa. Kusoma tunasoma sana huku. Tunasoma habari zisizo na mwisho.

Ndiyo maana naisifu riwaya, hasa ya upelelezi, na hasa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Aliyezungukwa na vifo apumzike kwa kusoma habari za kifo? Ndiyo. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa, kiko chake mkononi, hakubali kutishwa na mzimu. Anauliza, anapima maneno ya kila mtu, hana haraka. Mwishowe muuaji anapata jina. Huku kwetu mtu huzikwa, na aliyemuua hubaki kuitwa adui tu.

Riwaya haizuii panga. Lakini hofu iliyomo ndani yake ina kurasa zake, na nikitaka naifunga, naiweka kando, naenda kuteka maji. Ile nyingine haifungwi. Mwili unaijua tofauti hiyo: mabega hushuka, pumzi inarudi mahali pake.

Wakati mzuri wa kusoma ni wa kulinda kakao. Punje zimekwisha kuchachuka, zimetandazwa juani juu ya turubai, mbuzi wananyemelea, na kila baada ya muda unainuka kuzigeuza. Vidole vinanuka siki, na harufu hiyo huhamia kwenye kurasa. Mama mmoja jirani akipita husimama.

“Unasoma nini, mwanangu? Ni vya masomo?”

“Hapana, mama. Ni hadithi.”

“Basi nisimulie. Umefika wapi?”

Namsimulia hadi nilipofika. Anakaa pembezoni mwa turubai, anaanza kumshuku mtu, nami sikubali wala sikatai. Hapo ndipo naheshimu ufundi wa Abdulla: anampa msomaji haki ya kushuku, kukosea na kushuku tena, bila yeyote kuumizwa kwa kosa hilo.

Ningependa mwandishi wa Watalinga atupe riwaya ya namna hii. Mpelelezi wake avuke mto Semuliki, mahali walipouawa askari wa kulinda amani wa Tanzania tarehe 7 Desemba 2017, aulize bila haraka kijiji kwa kijiji, na kwenye ukurasa wa mwisho autaje ukoo na jina la aliyeua.