Ramani Iliyomo Kichwani mwa Bodaboda wa Kigoma

Abiria anashuka garimoshi stesheni ya Kigoma, anapanda bodaboda. "Nipeleke Ujiji, karibu na msikiti, nyumba ina mwembe." Ujiji ina misikiti mingi na miembe isiyohesabika. Dereva anauliza jambo moja tu: "Mama, upande wa juu au wa ziwani?" Akijibiwa, anawasha pikipiki. Swali hilo fupi limebeba nusu ya ufundi wake.

Hatua ya kwanza ya kuujua mji ni kushika uti wa mgongo wake. Kigoma imelala mteremkoni. Mtaa wa Lumumba unaanzia stesheni, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1914, unapanda kuelekea Mwanga, na kutoka Mwanga barabara inakwenda Ujiji. Kibirizi iko kaskazini, Bangwe na Katonga ziko upande wa kusini. Ziwa Tanganyika liko magharibi, na jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo. Mwenye mifupa hiyo kichwani anaweza asijue mtaa, lakini haupotezi mji.

Hatua ya pili ni alama. Mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi ilileta vibao vya mitaa na namba za nyumba, na ni kazi yenye faida kubwa. Hata hivyo abiria wengi bado hutaja mashine ya kusaga, duka au mti. Duka huhama na mti hukatwa. Dereva mahiri huifunga kila alama kwenye njia panda iliyo jirani nayo: mwembe ukianguka, njia panda inabaki pale pale.

Hatua ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuunganisha. Dereva wa daladala ya Ujiji hupita njia ile ile mara nyingi kwa siku. Anajua kila shimo na kila kituo. Bodaboda hupewa safari mpya kila apatapo abiria: leo Gungu hadi Bangwe, baadaye Buzebazeba hadi Kibirizi. Ni lazima aunganishe vipande ambavyo hajawahi kuviunganisha.

Tofauti hiyo imepimwa London. Anayetaka leseni ya teksi nyeusi ya jiji zima hujifunza mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, kazi ya miaka mitatu au minne. Wengi huizunguka kwa pikipiki ndogo, kisha hukaa mbele ya mtahini anayetaja sehemu mbili, nao wataje kila kona ya njia kwa mdomo. Mwanasayansi Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva hao. Mwaka 2006 waliwalinganisha na madereva wa mabasi: sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa wa teksi. Mwaka 2011 wakaeleza habari za wanafunzi 79 waliowafuatilia kwa miaka. 39 walifaulu, na ni ubongo wa waliofaulu ulioonekana kubadilika.

Kwa hiyo kuendesha sana hakutoshi. Kinachoujenga mji kichwani ni kulazimika kuitafuta njia, tena na tena, kutoka mahali tofauti.

Vijiwe vyetu vinaweza kulitumia somo hili bila gharama. Kijana mpya asiachwe mwezi mzima akizunguka Mwanga na stesheni tu. Jioni, abiria wakipungua, wakubwa wa kijiwe wamuulize: "Uko Kibirizi, unakwenda Kasingirima, barabara kubwa imefungwa. Unapita wapi?" Ataje kona moja baada ya nyingine, bila simu. Akikwama, asiambiwe jibu. Kesho alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza, aende akaitafute njia hiyo mwenyewe.