Nani Ameomba Faili? Ruhusa za Folda Zinavyofanya Kazi Ndani ya macOS

Kwa miongo mingi, mifumo ya ukoo wa Unix iliuliza swali moja tu kabla ya kufungua faili: mtumiaji huyu ni nani? Ukishatambuliwa, basi. Programu yoyote uliyoiwasha hutembea kwa jina lako na haki zako zote, hata mchezo wa karata ulioupakua jana usiku unaweza kusoma taarifa zako za benki kama unavyozisoma wewe. Utaratibu huo ulibuniwa enzi za kompyuta kubwa za maabara na vyuo vikuu, watu wengi wakitumia mashine moja, na wa kuchungwa alikuwa mtumiaji mwenzako. Programu yenyewe haikushukiwa.

macOS Catalina, iliyotoka Oktoba 2019, iliongeza swali la pili: na programu inayoomba ni ipi? Tangu hapo, programu ikitaka kusoma yaliyomo kwenye Desktop, Documents au Downloads, kwenye iCloud Drive, flashi au diski ya pamoja ya ofisini, husimamishwa kwanza. Hutokea dirisha dogo lenye jina la programu, jina la folda na vitufe viwili. Wenye kumbukumbu ndefu walicheka kidogo, maana mwaka 2007 Apple yenyewe ilirusha tangazo la televisheni la kuikejeli Windows Vista kwa tabia hiyohiyo ya kumwomba mtu idhini kila anapogeuka.

Dirisha ndiyo sehemu rahisi. Uzito uko nyuma yake, kwenye programu ya chinichini iitwayo tccd na hifadhidata mbili zenye jina moja, TCC.db: moja ya mfumo mzima, nyingine ndani ya folda binafsi ya kila mtumiaji. Kila jibu unalotoa huandikwa humo kama mstari: huduma gani imeombwa, nani ameomba, umekubali au umekataa. Mwombaji hatambuliwi kwa jina tu. Mstari hubeba pia sharti la sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, ndiyo maana programu unayoiamini ikipata toleo jipya haikuulizi tena, na tapeli akiibandika programu yake jina la Zoom haambulii kitu.

Sasa, kama ruhusa ni mstari ndani ya hifadhidata, mwizi atatafuta namna ya kuuandika mwenyewe. Mwaka 2016 ilibainika kwamba Dropbox, ikishapewa nenosiri la msimamizi wakati wa kusakinishwa, ilikuwa ikijiandika yenyewe humo ili ipate haki ya kuendesha programu nyingine, bila dirisha lolote kutokea. Haikuwa wizi, kampuni ilisema inahitaji haki hiyo kwa huduma zake, lakini mlango ulikuwa umeonekana. macOS Sierra ya mwaka huohuo ikaiweka hifadhidata ya mfumo chini ya ulinzi ambao hata msimamizi hawezi kuuvuka.

Shambulio lililofuata lilikuwa la kijanja zaidi, kwani halikuigusa hifadhidata kabisa. tccd iliitafuta hifadhidata ya mtumiaji kwa kufuata kigezo HOME, kinachotaja folda binafsi iko wapi, na kigezo hicho mtumiaji anaweza kukibadilisha. Mshambuliaji anaielekeza HOME kwenye folda yake, anaiwasha upya tccd, nayo inasoma kwa utiifu hifadhidata ya bandia yenye majibu ya “ndiyo” tupu. Apple iliziba pengo hilo katika toleo la 10.15.6, Julai 2020, kwa kuacha kukiamini kigezo hicho. Desemba 2021 ikalazimika kuziba tena, safari hii katika toleo la 12.1: watafiti wa Microsoft walikuwa wameonyesha kwamba ukibadilisha anwani ya folda binafsi kwenye orodha ya watumiaji ya mfumo wenyewe, tccd inafuata vilevile. Jina waliloupa udhaifu huo ni powerdir. Sahihi ilikaguliwa barabara kila mara; ila mkaguzi alikuwa amepelekwa kwenye daftari lisilo lake.

Kwa maoni yangu, sehemu iliyobuniwa vizuri kuliko zote ni ile isiyouliza chochote. Ukibofya Open ndani ya programu, dirisha la kuchagua faili linalotokea si la programu hiyo. Tangu Catalina huchorwa na mchakato mwingine wa mfumo, na programu haioni unachokipekua humo. Ukichagua faili, mfumo hulikabidhi faili hilo peke yake, kwa kuwa kitendo chako kimeshasema unataka nini. Kuburuta faili na kuliachia juu ya alama ya programu ni vivyo hivyo. Hapa ridhaa imo ndani ya kazi yenyewe, na mtu hachoshwi na maswali hadi akafikia kubofya “ndiyo” bila kusoma.

Ubaya wake ni kwamba kitendo hicho huacha alama kwenye faili, sifa ya ziada iitwayo com.apple.macl, inayokumbuka ni programu gani iliruhusiwa. Alama hiyo haionekani kwenye orodha ya mipangilio. Unaweza kuzima swichi ya Documents ukidhani umefunga kila kitu, kumbe programu bado inalisoma lile faili ulilolichagua mwezi uliopita. Orodha inayoonyesha nusu ya ruhusa zilizopo inampa mwenye kompyuta utulivu usiostahili, na hapo siwatetei Apple.

Halafu kuna suala la dhamana. Amri unayoiandika kwenye Terminal haina dirisha lake, kwa hiyo macOS humtafuta mkubwa wake na kuhesabu kwamba aliyeomba ni Terminal. Ukiipa Terminal haki ya Full Disk Access, kama maelekezo mengi ya mitandaoni yanavyoshauri kwa wepesi, kila amri utakayoibandika humo itasoma barua pepe, jumbe na data za Safari. Itaweza hata kuandika ndani ya TCC.db yako binafsi. Mwaka 1988 mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alikieleza kisa cha namna hii: programu ya kutafsiri msimbo (compiler) ilikuwa na haki ya kuandika kwenye folda ya mfumo, mtumiaji akaitajia faili la bili kuwa ndipo matokeo yaandikwe, nayo ikazifuta bili kwa haki ambazo mtumiaji mwenyewe hakuwa nazo. Mei 2021 kirusi XCSSET kilikamatwa kikifanya jambo la jamaa hiyo: kilijificha ndani ya programu ambayo tayari ilikuwa na ruhusa ya kurekodi skrini, kikapiga picha bila kuuliza.

Wanaotumia Windows wana kitu kinachokaribiana, Controlled folder access, kilicholetwa mwaka 2017. Huzuia programu isiyoaminika kubadilisha mafaili ndani ya folda zinazolindwa, kinga nzuri dhidi ya virusi vya kudai fidia, lakini hakizuii kusoma. Tena huja kikiwa kimezimwa.

Kwenye Mac, anza na Full Disk Access ndani ya Privacy & Security. Humo ziachwe programu za kuhifadhi nakala na za kupambana na virusi, na nyingine kila moja ijieleze. Kisha ingia Files & Folders. Orodha ikiwa imevurugika kiasi cha kutoeleweka, amri tccutil reset SystemPolicyDocumentsFolder hufuta majibu yote yanayohusu Documents, na kila programu italazimika kuomba upya. Alama zilizokwisha kuachwa kwenye mafaili uliyoyafungua kwa mkono wako, amri hiyo haizigusi.